Sabuni ya Duka la Ng'ambo

Wakati wa vita wifi yangu alikuwa na kibanda cha duka Changamwe, kando ya njia waliyopita vibarua wa reli. Alikuwa mjane, na kibanda hicho ndicho kilichomlisha yeye na wanawe. Alinunua miche mizima ya sabuni, akaikata kwa waya vipande vya kufulia mara moja, akawauzia watu wanaolipwa kwa siku.

Mwenye duka kubwa la ng'ambo ya barabara akaanza kuuza mche chini ya bei aliyonunulia. Alisema waziwazi kwamba kibanda kikishafungwa, bei itapanda tena. Vibarua wakawa wanachangiana mche mmoja, wanagawana. Kwa wifi hakuja mtu.

Mimi nilitaka tukamtukane. Wifi akajitanda leso, tukavuka daraja la Makupa kuingia mjini, hadi kwa afisa wa serikali aliyesimamia bei za vitu wakati ule wa vita.

"Sheria inakataza kuuza ghali," afisa akatwambia. "Kuuza rahisi haikatazi."

Nikainuka. Wifi hakuinuka.

"Na kuchagua wateja, bwana? Aweza kuninyima mimi?"

"Bidhaa yenye bei ya serikali ikiwa iko dukani, hawezi kumnyima mwenye pesa."

"Ahsante. Hilo lanitosha."

Kesho yake tukaingia duka lile. Wifi akaamkia vizuri, akaomba sabuni.

"Mama, hii ni ya wateja wangu," mwenye duka akasema.

"Nami ni mteja. Au uchafu wangu si uchafu?"

Watu wakacheka. Yule bwana akakataa. Wifi, bila kupaza sauti, akamwambia, "Basi funga duka, twende sote kwa afisa ukamweleze mwenyewe."

Akamuuzia. Wifi akarudi siku iliyofuata, na nyingine tena. Sabuni ya ng'ambo ikakatwa kwa waya wake, na vipande vikawa rahisi kuliko alivyopata kuuza. Hasara ya mwenye duka ikawa ndiyo faida yetu. Nimeona wengi wakigombania biashara. Sijaona aliyegombana kwa utulivu ule. Hakudanganya, hakutukana, na kila hatua aliiulizia kwanza.

Haukupita muda, mwenye duka akachoka kula hasara, bei ya ng'ambo ikapanda. Hata wateja waliokuwa wamebaki ng'ambo wakaanza kurejea, wa kwanza mama mmoja jirani, mwingi wa bashasha.

"Mama, siku nyingi! Ulipotelea wapi?"

"Nilikuwa papa hapa," wifi akajibu, akivuta waya. "Nyinyi ndio mliosafiri."