Pombe ya Kumngoja Nkwabi

Mabula alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa mgodini Geita, na kama kuna mtu aliyechoshwa na likizo asizozipata, ni yeye. Kila mwaka bwana na memsabu walikaa mezani wakipanga waende wapi kupumzika. Kufunga masanduku, kupakia mahema lorini, kwenda kupika huko porini na kurudi kufua vumbi lao, hiyo ilikuwa kazi ya Mabula.

Mwaka 1953 walipanga kwenda Serengeti kutazama wanyama, kisha Tanga kuoga baharini. Mabula aliposikia Tanga, almanusura amwage mchuzi. Kaka yake, Nkwabi, alikwenda huko zamani kukata mkonge, wala hakurudi, wala hakuleta salamu. Mama yao, bibi Limi, hakuwa na haja nyingine duniani ila kujua kama mwanawe yu hai.

"Nitamtafuta, mayu," Mabula alimwambia mama yake.

"Mnarudi lini?"

"Mwezi ukiandama."

Hapo ndipo alipokosea, maana kwetu ukishamtajia mama siku, anapika pombe. Bibi Limi aliloweka mtama, akauotesha, akautwanga mwenyewe kwa mikono iliyokwisha nguvu. "Akija naye, tutafurahi," alituambia sisi majirani. "Akija na habari ya kifo, tutatambika. Pombe ni ile ile."

Mabula alijikaza akamwomba bwana waanze na Tanga. Bwana akacheka.

"Kwanza simba, Mabula. Bahari haikimbii."

Kufunga safari kwenda kumtazama simba! Sisi tuliochoka kufukuza fisi zizini tuliona ni wazimu mtupu. Huko Serengeti bwana akang'ang'ania kumpiga picha simba mwenye manyoya meusi shingoni, na simba hakuonekana. "Kesho tu," alisema, na kesho yake akasema hivyo hivyo. Mabula alichota maji, akapasua kuni, akaoka mikate juu ya makaa, macho mekundu kwa moshi. Simba alipotokea, likizo ilikuwa imekwisha. Lori likageuzwa kurudi Geita.

"Usijali," memsabu alimwambia njiani. "Mwakani tutaanza na bahari."

"Ndiyo, memsabu."

Alifika nyumbani mwezi umeandama. Tulikuwa tumejaa uani, pombe inatoa povu mitungini. Bibi Limi alimtazama mwanawe, kisha akatazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Yu wapi?"

Angeweza kudanganya. Mimi ningekuwa yeye, ningedanganya. Lakini Mabula alichoka mno hata kutunga uongo.

"Hatukufika, mayu. Tuliishia kwa simba. Memsabu anasema mwakani wataanza na bahari."

"Pombe haingoji mwakani," bibi Limi alisema. "Wala mikono hii haitatwanga nyingine."

Akachota kwa kibuyu, akaenda mlangoni, akamimina chini. Akamtaja marehemu mumewe, akamtaja baba mkwe wake, kisha akamtaja Nkwabi kati yao. Hakulia. Alitugeukia akasema tunywe.

Mabula ndiye aliyepewa kwanza. Akanywa pombe ya matanga ya kaka yake ambaye, nani ajuaye, labda saa ile alikuwa Tanga anakula ugali wake.