Dawa Isiyoua Kitu

Juzi, kwa daktari wa meno hapa Mji Mkongwe, nilikaa benchi moja na bibi wa Kikwajuni. Buibui lake lilinukia udi, na kila mara alisukuma jino la mbele kwa kidole, nalo likicheza kama kigingi kilicholegea. Alikuja kung'olewa meno yote.

Alipoitwa, mlango uliachwa wazi. Daktari, binti mdogo, hakung'oa hata moja; alimkwangua ukoga tu, kisha akakisoma kichupa cha vidonge ambacho bibi aliletewa na mwanawe kutoka Maskati.

"Hivi vinaua nini, mwanangu?"

"Haviui kitu, Bi mkubwa."

"Basi nipige sindano. Dawa isiyoua ya nini?"

Binti hakucheka. Akamweleza kuwa wadudu ndio waliouanza ugomvi, lakini mwili wake mwenyewe, kwa hasira ya kuwafukuza, ndio unaokula mfupa ulioshika meno. "Vidonge hivi vinautuliza, usijile."

"Subhanallah!"

Bibi akafunika shavu kwa kiganja, kama abembelezaye mtoto.

"Kumbe wewe," akauambia mwili wake taratibu. "Wanipigania mimi. Nshakuona. Basi, tulia."

Benchi zima, sisi tunaoamini dawa isiyouma si dawa, tulitazamana. Nilipoitwa, nikajikuta nami nimeshika shavu, kama mtu aliyeambiwa kuwa zile kelele anazozilalamikia kila siku zinatoka nyumbani kwake.