Namba 44 ilitudanganya, na mama wa watu akaziba dirisha

Wakuu, poleni na mvua kama kwenu inanyesha kama huku Kampala.

Uzi huu hauna chumvi. Nilikuwepo mwenyewe, na anayetaka kubisha abishe akimaliza kusoma.

Mimi ni Mkongo, nimekulia Kamwokya, nasoma masters ya kemia. Lab nafanya kazi na dada mmoja, nimwite Akello. Marehemu baba yake alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini, na mama yake amepanga chumba Luzira, hapa hapa Kampala.

Akello alikuwa na mdogo wake wa kiume. Siku moja ya mvua aliingiza chumbani jiko la mkaa, huku tunaliita sigiri, akafunga mlango apate joto. Hakuamka.

Ile ni carbon monoxide. Haina harufu wala rangi, inamkuta mtu usingizini na kummaliza.

Kwa hiyo Akello hakuja lab kutafuta cheti. Alitaka kitu cha kuweka juu ya sigiri, kiigeuze gesi hiyo kuwa carbon dioxide. Nayo si nzuri, lakini haiui kirahisi namna ile.

Kitu chenyewe kinaitwa single-atom catalyst, yaani kichocheo cha atomi moja moja. Unachukua platinamu, unaitawanya juu ya unga wa cerium oxide mpaka kila atomi inakaa peke yake. Platinamu ni adimu, na ukiitawanya hivyo, kidogo inafanya kazi ya nyingi.

Tabu yake, ukiikaanga kwa moto mkali atomi zinakimbiliana na kuwa madonge. Lab yetu nzima inaogopa madonge kama ukoma. Basi tukawa tunakaanga unga wetu kwa moto wa upole, na tulijisifia sana upole huo.

Halafu kuna mass spec. Hii mashine inaonja gesi zinazotoka wakati reaction inaendelea, na inazitambua kwa uzito. Carbon dioxide ni 44. Carbon monoxide ni 28, lakini nitrogen ya hewani nayo ni 28, kwa hiyo pale ni vurugu tupu. Sisi tukawa tunaikodolea macho 44 tu.

Na ilipanda, wakuu! Joto dogo tu, mstari unapanda.

Akello alilia kwa furaha mbele ya screen. Kipya kinyemi. Kabla hata hatujathibitisha, akapaka unga ule kwenye kigae chenye matundu, akampelekea mama yake aweke juu ya sigiri.

Profesa wetu, mzee asiyechangamkia kitu, akatuombea kwa rafiki zake chupa ndogo ya carbon monoxide yenye kaboni nzito, inayozidi ya kawaida kwa uzito wa moja. Hesabu ni rahisi: gesi hiyo ikigeuzwa itatoka na uzito wa 45. Ikija 44, ujue kaboni imetoka kwingine.

Tukafungulia chupa. Joto likapanda.

44 ikapanda. 45 ikalala chini.

Nikasema labda ni mashine. Tukarudia na unga mwingine, yakawa yale yale.

"Ni ile citric acid," Akello alisema.

Hiyo ni asidi ya limau. Tuliitumia kutengeneza unga, na kwa moto wetu wa upole haikuungua yote. Mabaki yake ndiyo yaliyokuwa yanaungua na kutoa 44. Sumu yenyewe ilikuwa inaingia na kutoka salama salimini.

Nilidhani atalia. Akachukua simu kumpigia mama yake. Haipatikani.

"Anazibanga dirisha," akaniambia. "Mimi ndiye nilimwambia iko safe."

Tulipanda boda mpaka Luzira. Tukamkuta mama mlangoni anachambua maharage, mzima. Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Ndani, dirisha limezibwa kwa blanketi kuukuu. Sigiri iko katikati ya chumba, na kigae chetu juu yake.

"Mama, hiyo kitu haifanyi kazi," Akello alisema. "Toa blanketi kwa dirisha. Sigiri ikae nje."

Mama aliendelea na maharage yake.

"Mimi najua," akasema. "Kichwa ilikuwa inauma kila asubuhi."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Tangu mtoto alikufa, wewe hujacheka. Na hiyo kitu, ulikuwa unacheka."

Wakuu, mimi huwa silii mbele za watu. Siku ile nililia.

Nilichojifunza: namba uliyoitamani sana ndiyo ya kuihoji kwanza. Na ukimpelekea mtu kitu cha kumwokoa, muulize anaamkaje, kisha umuulize tena. Jiko la mkaa liwashe nje, hata kama mvua inanyesha.

Wanakemia, nielekezeni namna ya kuunguza mabaki bila kupata madonge.

Lakini Akello hajarudi lab tangu siku hiyo. Anasema hawezi kukaa mbele ya mashine ile akijua mama yake alikuwa tayari kufa ili yeye acheke. Nimwambie nini? Mwenye neno alete.