Kichuguu Nyuma ya Uwanja wa Kriketi

Sitaki mtu anionee huruma kabla sijamaliza. Mimi Kabibi, mshonaji wa hapa soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nililipiza kisasi, na nilikifurahia siku kumi na moja kamili. Habari yenyewe ni ya mume wangu, Lwaboshi, mtu mpole kupita kiasi. Angekuwa mkali hata kidogo, nisingelazimika kuwa mkali kwa niaba ya watu wawili.

Lwaboshi ni mkulima wa Fizi, huko Kongo. Kriketi aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka arobaini na minne, tulipokuwa tunaishi Biwi, mjini Lilongwe, naye akapata kazi ya kufyeka nyasi katika klabu moja ya zamani. Mpaka leo hajui vizuri nani ameshinda na kwa nini. Lakini alielewa jambo moja lililowashinda wenye klabu. Katikati ya uwanja kuna kipande cha udongo mgumu, urefu wake hatua ishirini na mbili, wanakiita pichi, na mpira hudunda pale kabla ya kumfikia mpigaji. Pichi ikiwa laini, mpira unakufa. Ikipasuka, mpira unaruka ovyo na kumvunja mtu meno. Ya kwao ilikuwa inapasuka kila kiangazi.

Lwaboshi akawaambia watumie udongo wa kichuguu. Kwetu Fizi ndio tunaosakafia nyumba, na mimi mwenyewe nimeukanda tangu utotoni. Lakini si kichuguu chochote. Unachimba kile kilichokufa, ambacho mchwa wamekihama miaka mingi na mvua imekipiga mpaka kikashikana. Ukichimba kilicho hai, unabeba watoto wao na chakula chao, na wale uliowabomolea nyumba watakufuata kutafuta nyingine. Kule kwetu hata mtoto wa miaka saba anajua. Basi mume wangu akakipata kilichokufa upande wa Lumbadzi, akasafirisha magunia kwa kabaza, baiskeli baada ya baiskeli, akaponda, akachekecha, akamwagilia, akavuta rola ya chuma, akatandaza nyasi kavu juu ili udongo usikauke haraka. Miezi mitano. Baada ya ibada ya Jumapili alikuwa ananipeleka kuitazama ile pichi, mimi na viatu vyangu vya kanisani, kama watu waliokwenda kumwona mjukuu.

Meneja wa klabu aliitwa Nyangulu. Siku timu ya wageni ilipocheza pale, nahodha wao aliuliza nani ametengeneza pichi nzuri namna hii, na vibarua wote wakanyoosha vidole kwa Lwaboshi. Nahodha akaja kumpa mkono. Nyangulu alitabasamu kwa meno tu. Hazikupita wiki mbili, magari ya kuwarudisha kambini wakimbizi wanaoishi mjini bila kibali yakaanza kuzunguka mjini, na gari moja lilikuja moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu, katika uchochoro ambao hata wageni wetu hupotea. Nyangulu alikuwa amekaa ndani, akionyesha kwa kidole. Kwa hiyo pichi ikabaki yake peke yake, na kwa kila aliyeuliza alisema ufundi huo alikwenda kuusomea.

Cherehani yangu ya kwanza ilibaki Biwi. Binti yetu Douce alikuwa amebakiza siku chache afanye mtihani wa darasa la nane, hakuufanya. Na Lwaboshi alipopanda lori, alimwambia zikomo yule aliyemshika mkono asianguke. Asante, kwa Kichewa chao! Nilitamani kumpiga yeye kwanza, kisha Nyangulu.

Mwaka huu ikasikika kwamba timu ya taifa ya wanawake ya nchi moja jirani inakuja kucheza mechi nne Lilongwe. Viwanja viwili vikazigombea: klabu ya Nyangulu, na uwanja mpya wa shule moja huko Area 49. Habari hiyo alituletea Madamu Orpa, mwalimu wa michezo wa ile shule, aliyefika kambini kumtafuta mume wangu. Alitueleza kwamba chama cha kriketi hutuma mkaguzi mwenye fomu. Anaangalia vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo, umbali wa hospitali na wa hoteli. Lakini mstari wa kwanza ni pichi, na pichi ikianguka, mistari mingine haisomwi.

"Kwa vyumba na viti Nyangulu anatushinda," alisema. "Sisi tumaini letu ni pichi. Mechi zikija kwetu, shule inamwombea Bwana Lwaboshi kibali cha kutoka kambini na kufanya kazi kwetu. Barua nimekwisha kuiandika, inangoja sahihi ya mkuu tu."

Lwaboshi alishukuru, akainamia kikombe chake cha chai. Mimi usiku ule sikulala. Kibali kingemrudisha Douce katika shule ya mjini. Lakini nisijifanye mtakatifu: nilichokuwa nakiona machoni pangu ni Nyangulu akinyang'anywa mechi mbele za watu.

Mungu anisamehe, alijileta mwenyewe. Jumamosi moja mwezi wa tatu, Lwaboshi akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, gari likasimama mbele ya cherehani yangu. Nyangulu akashuka na sukari na chupa ya mafuta ya kupikia, akanisalimu kwa Kichewa kwa sauti ya asali, ananiita mama. Pichi ilikuwa imemomonyoka pembeni kwa sababu mvua ilikuwa nyingi na watu wake hawakuifunika. Alitaka kujua mume wangu alichimba wapi ule udongo.

Alijitia hamnazo, kama vile hajawahi kuonyesha mlango wangu kwa kidole. Nami nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimletea kiti, nikamuuliza habari za watoto. Kisha nikamwambia kwa upole: "Bwana, mbona ulijisumbua kuja mbali? Si kile kichuguu kikubwa nyuma ya uwanja wenu, karibu na uzio? Yale magunia ya baiskeli yalikuwa ya kujazia tu. Chimbeni mpaka chini kabisa, kwenye unyevu. Huko ndiko udongo mtamu uliko."

Kichuguu kile nilikuwa nakifahamu. Kilikuwa hai kuliko soko la Dzaleka siku ya mgao. Nyangulu alinishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka akiwa na furaha. Sukari nilimpa jirani. Lwaboshi aliporudi, sikumwambia kitu.

Yaliyotokea alitusimulia Madamu Orpa, kwa sababu siku ya ukaguzi wawakilishi wa viwanja vyote viwili walifuatana na mkaguzi. Kwa shule alikuta pichi ngumu, akaandika. Kwa klabu aliona vyumba vizuri, viti vizuri, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyangulu alikuwa ametandaza nyasi kavu juu ya pichi, vilevile alivyomwona mume wangu akifanya. Mkaguzi akasema waziondoe. Chini yake mchwa walikuwa wanatembea kwa maelfu, wamekula nyasi kavu na mizizi, wamechimba njia kila upande. Mkaguzi akachomeka ufunguo wa gari lake kwenye udongo, ukazama wote. Akadondosha mpira, haukuinuka. Nyangulu alipiga magoti, akaanza kuwafagia mchwa kwa mikono yake, na tai yake ikiburuzika chini.

Roho yangu ilisuuzika. Mechi zote nne zilipewa Area 49. Nilimwomba Madamu anirudilie pale pa kupiga magoti, akarudia. Siku kumi na moja nilishona huku naimba, na wateja wakaniuliza kama tumepata ndege ya kwenda Kanada.

Siku ya kumi na mbili Madamu Orpa akaja tena, bila barua ya kibali. Alikuwa na nakala ya ripoti ya mkaguzi. Alikaa, akatusomea mimi na Lwaboshi, polepole, akitafsiri. Meneja alikuwa amejitetea kwamba pichi ilijengwa na mkimbizi mmoja, Lwaboshi, na kwamba hata udongo wa kuitengeneza safari hii ulichukuliwa palepale alipouchimba huyo Lwaboshi, "kama alivyothibitisha mke wake." Mwishoni chama kilikuwa kimevielekeza viwanja vyote vinavyotaka mechi za kimataifa visimtumie mtu huyo wala udongo wake.

"Nikimwajiri," Madamu alisema bila kututazama, "wanazihamisha mechi. Kweli nimesikitika."

Lwaboshi aliweka kikombe chini. "Mi nilichimba kichuguu chenye kilikufa," alimwambia. "Kule Lumbadzi. Njoo nikuonyeshe shimo, ingali iko." Kisha akanigeukia. "Mama Douce. Ni we njo ulimuambia ile maneno?"

"Njo mi," nikakiri. "Na ningemuambia tena! Ulisahau lori? Ulisahau mutihani ya Douce?"

"Sikusahau kitu."

Madamu alisema ningeweza kuandika kwamba nilidanganya, lakini chama kingemwita Nyangulu athibitishe kwamba mwanzoni udongo ulitoka kwingine. Yeye ndiye meneja aliyesaini kila gunia. Yaani jina la mume wangu sasa liko mdomoni mwa Nyangulu, na mimi ndiye niliyeliweka humo.

Madamu alipoondoka, nilianza kusema. Nilisema mengi, kwamba yule mtu alistahili, kwamba mtu mpole ndiye anayewalea watu kama Nyangulu. Lwaboshi alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nyangulu alitukosea, ni kweli," akasema. "Lakini ile pichi, mama Douce, ilikukosea nini?"

Akasimama, akatoka nje akiwa hana mahali pa kwenda.