Ng'ombe Aliyeambiwa Aegemee

Nilikuwa na siku tano tu duniani na tayari nilikuwa nimegombana na mama yangu, nyanya yangu na jirani yetu Akoth. Sikumbuki hata kidogo, lakini sina jinsi ya kukana, kwa sababu habari hii imesimuliwa mbele yangu katika kila harusi ya ukoo wetu, na kila mara watu huicheka upya kana kwamba ni ya jana. Leo naisimulia mwenyewe. Wao husimulia kana kwamba mimi ndiye mwenye hadithi, na hapo ndipo wanaponiudhi. Mwenye hadithi ni baba yangu, Kipsang, mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la Mzungu mmoja kati ya Molo na Keringet. Alikuwa mtu wa kuweza kushinda kutwa akiwa amesema maneno kumi, na manane kati ya hayo alikuwa amemwambia ng'ombe.

Mwaka ulikuwa 1955. Baba alikuwa akikamua ng'ombe kumi na wawili wa Bwana huyo kila asubuhi kwa mikono yake, na wale wakaidi waliopiga ndoo mateke waliletwa kwake kama watoto watundu wanavyopelekwa kwa mwalimu mkuu. Yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kujivunia, jina lake Beti. Mama yake Beti alikuwa ng'ombe wetu wa nundu. Baba yake alikuwa fahali wa Bwana, aliyevunja ua mchana kweupe akamaliza shughuli zake kabla mtu hajaokota fimbo. Bwana alikasirika sana, lakini Beti alikuwa amekwisha kuwa tumboni. Alipokua akawa na maziwa ya upande wa baba na hasira za upande wa mama.

Sasa, kwetu wakati ule, mwanamume hakuingia nyumba ya mwanamke aliyejifungua mpaka mwezi upite. Baba akahamia kibanda cha ndama. Aliruhusiwa kupasua kuni nje ya nyumba, na kuleta chakula mpaka mlangoni, akikabidhi kwa mama yake na kugeuka. Mtoto wake wa kwanza alimjua kwa sauti peke yake. Na sauti niliyokuwa nayo, wanasema, iliwafanya wanawake waliokuwa wakichuma maua ya pareto ng'ambo ya mto wasimame na kuulizana.

Nilikuwa naligombania titi kama mtu aliyefunga wiki nzima. Nikilipata, nanyonya mara nne, mara tano, halafu najirusha nyuma, nakohoa, nakunja ngumi na kupiga kelele mpaka uso unaiva. Nikibembelezwa, natafuta tena kwa pupa ileile, na mambo yanakuwa yaleyale. Mama yangu, Chepngeno, alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuwa amewahi kunyonyesha mtu. Akaamua moyoni kwamba mtoto wake hampendi, na akawa analia kila ninapolia, hivi kwamba nyumba ile ndogo ilikuwa na vilio viwili na moshi.

Nyanya yangu Jelagat, mama yake baba, hakulia. Yeye alikuwa amezaa tisa na alikuwa na maelezo. Nilipozaliwa, wanawake walinitajia majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, wakingoja nipige chafya. Jina litakaloleta chafya ndilo la mzee aliyerudi. Nilipiga chafya kwa jina la marehemu mume wake. Wenye midomo walisema nilipiga chafya kwa sababu kikopo cha tumbaku cha nyanya kilikuwa wazi chini ya pua yangu, lakini hawakusema akiwa karibu.

"Huyu ni mzee wangu kabisa," nyanya alitangaza. "Hata yeye alikuwa hivi. Unampa chakula anakiparamia, halafu katikati anakitukana."

Basi akaanza kuzungumza nami kama mume. Mama ananiweka kifuani, nyanya ananiinamia na kuniambia, "Mzee, kunywa. Usiniaibishe mbele ya mke wa mtoto wako." Nikigoma, hasira zinampanda. Alinikumbusha mbuzi niliyemuuza bila kumwambia. Alinikumbusha shuka jipya nililompa dada yangu. Miaka thelathini ya ndoa ilinimwagikia nikiwa na siku nne, na sikuwa na la kujibu ila kelele.

Akoth, mke wa dereva wa trakta, alikuja na maoni tofauti. Alisimama mlangoni na sahani ya samaki mkavu mkononi.

"Mama, mimi nasema kweli," alisema. "Hii mtoto iko na njaa. Anavuta, anavuta, hakuna kitu inatoka. Maziwa ya huyu msichana ni kidogo sana. Mpatie supu. Mpatie uji. Mpatie kila kitu."

Nyanya hakupenda kukubaliana na Akoth kwa lolote, lakini supu ni supu. Tangu siku hiyo mama akalishwa kama mtu anayeandaliwa kwa maonyesho ya kilimo. Asubuhi uji wa wimbi kibuyu kizima, saa nne supu ya mifupa, mchana maziwa lala yaliyoganda na ugali, jioni tena supu. Baba ndiye aliyeleta vyote hivyo mlangoni. Alichinja kondoo. Aliazima wimbi. Alikuwa akipita na vyungu kama mtu anayehamisha jiko, na kila alivyozidi kuleta ndivyo nilivyozidi kupiga kelele. Mama alijaa maziwa mpaka yakawa yanalowesha nguo kabla hata hajanishika, lakini nyanya alisema ile ni dalili kwamba yanakimbia kwa sababu mzee hayataki.

Siku ya tisa, ambayo ilikuwa Alhamisi, nyanya alinibeba akanipima kwa mikono yake, na uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimepungua.

"Chepngeno," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mzaha, "nimejaribu. Jumamosi asubuhi namfunga mgongoni nampeleka Keringet kwa Chelangat. Yeye ana mtoto wa miezi minane na maziwa yake hayana shida. Atamnyonyesha pamoja na wake."

Chelangat alikuwa dada yake baba, mwanamke mwema wa mwili mkubwa. Hakuna aliyekuwa na ubaya naye. Lakini mama alijua maana ya safari hiyo. Angebaki na kifua kilichojaa na mikono mitupu, na siku ya kurudishwa kwangu ningekuwa namwita mtu mwingine mama. Akasema tu, "Ndiyo, mama," kwa adabu, kisha akageukia ukutani.

Baba alikuwa nje anapasua kuni. Ukuta ulikuwa wa udongo na fito, na udongo wenyewe ulikuwa na nyufa. Alisikia yote. Hata mimi, ninapofikiria alivyosimama pale na shoka, mtu wa miaka ishirini na sita asiyeruhusiwa kuvuka kizingiti chake mwenyewe, sicheki.

Kisha nikanyonyeshwa tena, na safari hii baba akaacha shoka akasikiliza. Akasikia nikimeza: gu, gu, gu, gu, haraka haraka, bila pumzi katikati. Akasikia nikipaliwa. Akasikia kikohozi, halafu kelele. Akasubiri mara ya pili. Gu, gu, gu, kikohozi, kelele. Baadaye alikuja kusema kwamba nywele zilimsimama, kwa sababu sauti ile aliijua. Ilikuwa ya ndama wa kwanza wa Beti.

Ndama yule alikuwa akikimbilia chuchu, ananyonya kidogo, anapaliwa, anaruka nyuma akitoa povu puani, halafu anazunguka zizi akilia njaa. Wenzake baba walisema Beti hana maziwa. Baba akashika chuchu mwenyewe, na maziwa yakatoka kwa nguvu yakampiga jichoni. Yalikuwa mengi mno, na ya kwanza yalitoka kama bomba lililopasuka. Tangu hapo alikuwa akiyapunguza kwanza kwenye kibuyu, mikamuo kumi na tano au ishirini, mpaka nguvu ipoe, ndipo amwachie ndama.

Basi hivyo ndivyo shida ilivyokuwa. Nyumba nzima ilikuwa inahangaika kumwongezea maji mtu anayezama, na aliyekuwa akiyachota ni baba.

Dawa aliijua. Kuisema ndiko kulikomshinda. Mwanamume atamwambiaje mke wake habari za matiti, kupitia ukutani, mama yake akiwa amekaa ndani? Angeweza kufa kwanza. Alipasua kuni zote zilizokuwepo akifikiri. Alipasua na kiti cha nyanya kilichokuwa nje. Halafu akatupa shoka akaenda zizini, akarudi akimvuta Beti kwa kamba, ndama akifuata, akamsimamisha mlangoni hasa, kichwa cha ng'ombe kikiwa karibu kuingia ndani.

"Beti," alisema kwa sauti kubwa ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "nisikilize vizuri."

Nyanya akatoka mbio. "Kipsang! Unaleta ng'ombe mlangoni mwa mzazi? Umerogwa?"

"Mama, mimi naongea na ng'ombe."

"Ng'ombe amekuuliza kitu?"

Baba alichuchumaa, akaanza kukamua, na macho yake hayakutoka kwenye chuchu. "Beti, wewe si mbaya. Ndama wako anakupenda. Maziwa yako si kidogo, ni mengi kupita kiasi, na yanakuja kwa nguvu. Mtoto anazama. Ungekuwa ni wewe umefunguliwa bomba kooni, usingepiga kelele?"

Ndani, kilio kimoja kati ya viwili kilinyamaza.

"Kwa hivyo, kwanza toa kidogo. Toa kwenye kibuyu, hivi. Ukiona yanaruka, ngoja. Yakianza kudondoka polepole, hapo ndipo umpe. Akikohoa mwondoe, apumue, mrudishe. Na ile supu, Beti, leo usinywe tena."

"Ng'ombe gani anakunywa supu?" nyanya aliuliza. Akoth alikuwa amekwisha fika na watu wengine watatu nyuma yake, maana mambo ya namna hii hayahitaji mjumbe.

Baba alikuwa anatoka jasho. Lilikuwa limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote. Ndama hunyonya akiwa ameinua shingo juu, na maziwa hayamwangukii kooni. Mimi nilikuwa nalazwa chini ya titi kama chupa chini ya bomba. Baba alitazama ardhi.

"Na tena, Beti," alisema, "usimwinamie. Wewe egemea nyuma. Lala chali kidogo, mweke mtoto juu ya kifua, anyonye akipanda. Hivyo hayatamkimbilia."

Beti aligeuza kichwa akamtazama.

"Aegemee?" nyanya alisema. "Ng'ombe aegemee nini, Kipsang? Umletee kiti? Kiti chenyewe umekipasua!"

Akoth aliketi chini kwa kicheko. Na kutoka ndani ya nyumba, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, ikasikika sauti ya mama akicheka. Alicheka mpaka akashindwa kupumua, halafu akanyamaza, na wale waliokuwa karibu na nyufa wakasikia maziwa yakigonga kibuyu, chwi, chwi, chwi. Baada ya hapo, fito za kitanda zikalia, kama mtu anayeegemea.

Watu wote walingoja. Ndama wa Beti peke yake ndiye aliyeendelea na shughuli zake. Gu, nikasikika. Nikapumua. Gu. Nikapumua. Nikakohoa mara moja, na baba akafumba macho, lakini nikaondolewa, nikarudishwa, nikaendelea. Ilichukua muda mrefu. Mwisho nikacheua kama mtu mzima, na Akoth akapiga makofi.

Jumamosi nyanya hakwenda Keringet. Aliwaambia watu kwamba mzee wake alikuwa ameona haya kwa ajili ya yule mbuzi na hatimaye ameomba msamaha, na msimamo huo hakuubadilisha mpaka anazikwa. Jina langu likabaki. Baba akamchongea kiti kingine.

Mwezi ulipopita baba aliingia ndani. Mama husema alininyanyua kama anavyonyanyua ndama: akaonja uzito, akanipapasa shingo, akanifungua mdomo akatazama ufizi. Hakuniambia kitu, wala hakumwambia mama kitu. Alitoa kichwa mlangoni, ambako Beti alikuwa anakula majani, akamwambia, "Ni mzuri. Asante."

Na desturi hiyo haikumtoka tena. Nimekua nikisikia Beti akiambiwa kwamba chumvi imezidi leo, kwamba leso ile mpya inapendeza, kwamba kuna mtu amepata alama mbaya za hesabu na ajirekebishe. Alipokufa Beti walifuata binti zake. Mama alikuwa akijibu kutoka jikoni, naye pia jibu lake akimpa ng'ombe.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne nilipata nafasi katika shule ya bweni ya mbali, na baba akanisindikiza mpaka stesheni ya Nakuru, sanduku langu kichwani mwake. Tulisimama pale tukingoja treni. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Palikuwa na wapagazi, na magunia, na akina mama wa viazi, lakini hapakuwa na ng'ombe. Nilimwona anavyohangaika, na nikiwa mjinga wa umri ule, nikaona haya kwa ajili yake.

Treni ikapiga honi. Nilipanda. Baba akavuka barabara haraka mpaka kwa punda mmoja aliyefungwa kwenye mkokoteni, akamshika sikio, na kwa sauti ile kubwa ya mlangoni, ambayo iliwafanya wapagazi wote wageuke, akamwambia, "Kula polepole. Ukipaliwa, pumua kwanza. Na ukichoka huko, rudi nyumbani, kuna mtu anakungoja."

Punda hakujibu. Nilitoa kichwa dirishani nikamjibia.