Sinema ya Choo

Mpaka leo nikimsikia mtu akizisifu sinema za afya za miaka ya hamsini, nashikwa na kichefuchefu. Wakati huo nilikuwa nimeolewa karibu na soko la Suneka, na mgongoni nilikuwa na binti yangu wa kwanza, mtoto wa kuhara na kupona, kuhara na kupona. Sababu niliijua. Boma zima lilijisaidia kwenye migomba, mvua ikinyesha inausukuma uchafu mpaka kijitoni, na huko ndiko nilikoteka maji. Nilichota huku nimegeuza uso, kisha nikarudi nyumbani nikampa mtoto anywe.

Mama mkwe alimbembeleza baba mkwe mpaka akakubali kuchimba choo. Shimo lilikuwa limeshamfika kifuani gari la sinema la serikali lilipokuja sokoni. Tulikwenda sote, wanaume wakakaa mbele, sisi wanawake nyuma na watoto. Nilifurahi, nikadhani sasa atamaliza upesi.

Giza lilipoingia, kitambaa cheupe kikawaka. Kwanza mpumbavu mmoja mwenye suruali iliyochanika alikimbilia kichakani, nzi wakamfuata hadi kwenye sahani yake, na watu wakacheka mpaka wakashikana. Hapo wenye sinema walifanya kazi nzuri, siwezi kukana. Kisha wakaonyesha nyumba ya waungwana. Mzee mwenye koti akatoka chooni akifunga mkanda. Mke wa mwanawe alikuwa akingoja pale pale mlangoni. Wakatabasamiana, naye akaingia.

Kicheko kikakatika. Kwetu Kisii, baba mkwe na mke wa mwanawe hata mkono hawapeani. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima na haya pamoja. Wanawake walijifunika nyuso. Mwenye kipaza sauti, kijana wa mbali aliyesoma, akadhani hatujaelewa, akaagiza picha irudishwe. Tukaonyeshwa tena mkanda ule ukifungwa. Nilitamani kumtapikia viatu.

Baba mkwe aliondoka bila kumngoja mtu. Asubuhi hakushika jembe. Mama mkwe alipomuuliza, alijibu kwa sauti ya kunifikia jikoni:

"Siwezi kukaa mahali mke wa mwanangu anakaa. Hata kama hao wa kwenye kitambaa wanakaa."

Nilimwomba mume wangu tuchimbe chetu, nyuma ya nyumba yetu. Akasema mwana hawezi kuwa na choo wakati baba yake hana. Wote walikuwa na adabu kweli kweli, na wote waliendelea kuchuchumaa migombani, juu ya maji ya kunywa. Adabu gani hiyo? Nzi walitua kwenye ugali wetu bila kuuliza nani ni mkwe wa nani.

Shimo lenyewe halikupotea bure. Baba mkwe alitandika majani ndani yake, akapanga mikungu, akafunika kwa udongo, na ndizi zikaiva vizuri sana. Watu walikuja kuzila na kuzisifu. Mvua zilipozidi, binti yangu alianza kuhara damu, na safari hii hakupona. Tulimzika kando ya nyumba. Waombolezaji nao walipewa ndizi za shimo lile.

Gari lilirudi baada ya mavuno, na askari wa chifu wakatukusanya, tutake tusitake. Sinema ilikuwa ile ile. Hakuna aliyekuwa amewaambia ubaya wake, kwa sababu jambo la chinsoni huwezi kulitamka mbele ya watu, na wao hawakuuliza. Wanawake waliinama mapema kabla mzee hajatoka chooni. Mwishoni kijana wa kipaza sauti akauliza ni nani aliyechimba shimo tangu walipokuja mara ya kwanza. Baba mkwe alimtazama askari, akasimama, akasema kwake shimo lipo.

Kijana alimshika mkono kwa furaha, akatuomba tumpigie makofi. Watu wakapiga. Mimi mikono yangu ilikuwa mitupu, sikuwa na mtoto wa kushika, lakini sikupiga.