Ng'ombe Kwanza, Kisha Miguu Yangu

Wewe unanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Hata Nyeri mjini siendi bila sababu, na sababu yenyewe lazima iwe ya kuumwa na jino. Kwa hiyo mambo ya mjini hunifuata hapa hapa kwenye kiti. Juzi yalinifuata kwa kishindo. Binti ya dada yangu alikuja kututembelea kutoka Nairobi, uso unameta kama sufuria mpya. Nikamuuliza siku hizi anakula nini. Akacheka, akatoa mkobani kikopo kidogo cha kuenea kiganjani.

"Anko, hii ndiyo siri. Lakini usiambie watu."

Nilivaa miwani nikasoma. Nikaivua, nikaifuta, nikasoma tena. Yalikuwa mafuta ya kukamulia ng'ombe. Kwenye kifuniko walikuwa wamemchora ng'ombe mwenyewe, ana ua sikioni na anatabasamu.

Sijakaa sawa tangu siku hiyo. Siri hiyo mimi nilipakwa miaka ya tisini, hapa hapa karibu na Mweiga, na nilikuwa tayari kufa kuliko mtu ajue.

Kwetu tulikuwa na mkebe mmoja mkubwa wa mafuta hayo, na ng'ombe mmoja. Mkebe ulikaa kwenye dirisha la jikoni, chini ya ulinzi wa nyanya aliyenilea. Asubuhi, ukungu wa milima ya Nyandarua ukiwa bado umelalia viazi, alinitolea karai la maji ya vuguvugu na kipande cha sabuni. Alianza na uso kwa sababu maji yalikuwa bado safi, akamalizia na visigino, ambavyo alivisugua kwa jiwe la mtoni kana kwamba kuna mtu mwingine ndani anamtafuta. Hakuniacha nikauke kabisa. Mafuta, alisema, yanapakwa ngozi ikiwa bado inakumbuka maji. Na jioni alinifukuza motoni: "Mzee wangu, ukikaa hapo miguu itachorwa ramani." Aliniita mzee wake kwa kuwa nina jina la marehemu babu, na alinidai kazi zote ambazo babu hakumaliza.

Julai moja, nikiwa darasa la tano, baridi ilikuja na hasira. Mafuta yakabaki ya kukwaruza chini ya mkebe, na duka la karibu lilikuwa limeishiwa. Ikawa ndiyo wiki ya siku ya wazazi, na mimi nilikuwa nimechaguliwa kukariri shairi mbele ya mgeni wa heshima. Shairi la usafi wa mwili, tafadhali. Mwalimu akaiangalia miguu yangu, imepauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi.

"Kijana, utatuambia mambo ya usafi na hiyo miguu? Ukikuja hivyo nitaweka mwingine."

Mwingine huyo alikuwa jirani yangu wa dawati. Tayari midomo yake ilikuwa ikitembea, anajifunza beti zangu.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta nyanya zizini, mkebe mkononi. Baridi ilikuwa imepasua chuchu za ng'ombe pia.

"Shosho, hayo ni ya miguu yangu. Leo nasimama mbele ya wazazi wote."

Hakugeuka. "Wewe ukipasuka, utalia. Huyu akipasuka, atapiga ndoo teke, tulie wote."

Akakwaruza mkebe mpaka bati likapiga kelele, akampaka ng'ombe yote. Nilishtuka hadi nikasahau kulia. Kumbe katika nyumba hiyo mimi nilikuwa wa pili, na wa kwanza alikuwa na mkia.

Alikamua taratibu, povu likapanda ndooni. Alipomaliza, mikono bado inateleza kwa mafuta na maziwa, hakuipangusa. "Simama wima," akasema, akanisugua kuanzia magotini hadi vidoleni. Miguu ikang'aa. Nilikwenda shule nikitembea kama mtu anayepigwa picha.

Mwalimu alinikagua, akatikisa kichwa kukubali. Jirani yangu wa dawati akanuna. Nikasimama kwenye nyasi mbele ya mgeni, na kando yake mlinzi wa shule alikuwa ameshika kamba ya ndama jike, zawadi ya wazazi kwa mgeni. Ndama huyo alikuwa ametenganishwa na mama yake tangu alfajiri. Wewe ushaona mambo yanakoelekea. Mimi sikuona.

Kwenye ubeti wa pili nilihisi kitu cha moto nyuma ya goti, kinakwaruza kama msasa. Ndama alikuwa ananilamba. Alilamba mguu wa kwanza akaumaliza, akaja wa pili, kisha akapanda hadi kwenye pindo la kaptula na kuanza kunyonya kwa nguvu zote. Mlinzi akavuta kamba, ndama akavuta kaptula, mimi nikashika kiuno. Uwanja mzima ukavunjika kwa kicheko. Ubeti wa tatu ukanitoka kichwani, na kwa pembe ya jicho nikamwona jirani yangu wa dawati anainuka.

Ndipo sauti ikatoka kwa wazazi, ya nyanya, tulivu kama yuko zizini.

"Endelea, mzee wangu. Ni mtoto tu, ana njaa."

Nikaendelea. Nilimaliza beti zote, mkono mmoja umeshika kaptula, miguu yote miwili imelowa mate.

Baadaye mwalimu alinipeleka nyuma ya darasa. Nikajiandaa kwa kiboko. Akainama, akanusa.

"Mmepaka ile ya ng'ombe?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akatazama huku na huku. "Waambie wanawe mikono kwanza, ndio wakupake. Hata sisi kwetu tunatumia hiyo."

Niliutazama uso wake, ule uliotufanya tuamini anaagiza mafuta yake ng'ambo.

Nyanya hayuko tena, na zizi siku hizi linawekwa kuni. Maziwa tunanunua ya paketi. Binti ya dada yangu alinipaka kidogo mkononi, ngozi ikalainika na kung'aa. Nikanusa: maua matupu.

"Vipi, anko?"

"Ni mazuri," nikamwambia.

Jioni nilitoka, jambo la ajabu kwangu, nikaenda hadi kwenye ua wa jirani anayefuga. Kulikuwa na ndama. Nikamnyooshea ule mkono uliong'aa. Akaunusa, akageuka, akaendelea na nyasi zake.